Risasi ya Babu Anselmo

Matogoro, Songea
21 Julai 2024

Mchumba wangu Noela,

Pokea salamu za baridi, maana huku mwezi huu hatuna nyingine. Saa sita mchana bado nimevaa sweta, na wingu limekaa juu ya mlima tangu Jumatano halijajua linataka nini. Mahindi yote yameingia ndani. Maharage si mabaya. Jirani yetu Kunegunda amechaguliwa tena kuwa mwenyekiti wa jumuiya, na sasa anatembea kwa kishindo utadhani ameteuliwa na Vatikani. Kuku wako mweupe ameliwa na kicheche. Nilitaka kukuficha nikashindwa.

Mwambie Leo, huyo mwizi aliyekuchukua mchana kweupe mbele ya padri, kwamba sijamsamehe. Angekuoa akakaa nawe hata Mbinga ningevumilia. Lakini Mpanda! Mtu akitaka kukuona anapanda basi leo, anafika akiwa amesahau alichofuata.

Simu yako ya Jumapili nilisikia "halo" na "babu", basi. Masikio yangu haya unayajua. Nikipokea simu napiga kelele mpaka mtaa mzima unajua habari zetu. Tuendelee kuandikiana kama ulipokuwa shule ya bweni. Barua haiulizi mara mbili.

Afya yangu ni ya kawaida. Tumbo linasokota, choo kigumu, pale zahanati wamenitibu taifodi, wakanitibu vidonda vya tumbo, kisha wakarudi kwenye taifodi. Wanasema damu ni kidogo. Na huu mkono wa kulia umeanza utani na mimi: nanyanyua kikombe, kifundo kinalegea, chai yote mapajani. Usianze kulia, ni uzee tu.

Mimi niliyekulea pamoja na bibi yako Lidwina, Mungu amrehemu,
Babu Anselmo


Mpanda
18 Agosti 2024

Babu yangu, shikamoo.

Barua yako ilikaa posta wiki nzima kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na mimi ndiye hufuata barua za walimu wote. Nimeisoma nimesimama palepale dirishani. Kuku wangu nimemlilia kidogo. Leo anakusalimu na anasema yuko tayari kukulipa fidia ya mchumba, ila utaje unachotaka taratibu. Nimepewa darasa la sita na la saba, somo la Sayansi, watoto themanini na kitu kwenye chumba kimoja. Sauti imenikauka.

Sasa ukae kwanza. Umekaa? Unaitwa kitukuu, Babu. Yaani, wewe unapata kitukuu. Nina mimba ya miezi mitatu. Sikukuandikia mapema kwa sababu mwaka juzi ilikuwepo nyingine ikaharibika, na ile sikukwambia kabisa. Safari hii nimesubiri mpaka nipate moyo. Kila asubuhi nikiamka nalishika tumbo kwanza ndipo nafungua macho.

Naumwa hamu ya udongo, hata aibu kusema. Huu wa hapa una mchanga, unakwaruza meno. Nakumbuka ule wa sokoni kwetu, ule laini, Bibi Lidwina alikuwa akisema hakuna kama huo. Tafadhali umtume mama yeyote akanunue, nawe unitumie kwa basi. Najua si kazi ya mwanaume.

Na wewe nenda hospitali kubwa. Si zahanati. Mkono unaoacha kikombe si uzee. Nakuomba kama mjukuu, ukikataa nakuamuru kama mchumba.

Akupendaye,
Noela


Matogoro
8 Septemba 2024

Noela wangu,

Kwanza salamu kwa huyo aliye ndani, kabla yako. Mwambie hapa kuna babu anayemngoja, hana meno mengi ila hadithi anazo. Kunegunda nilipomwambia alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nyumba imekuwa nyumba tena. Ile uliyoipoteza usiniombe radhi. Ningejua ningelia na wewe, nimelia sasa hivi peke yangu, tumelingana.

Udongo huo nimekutumia, umo ndani ya kopo la majani ya chai, nimelifunga kwa mpira. Sikumtuma mtu. Nilikwenda mwenyewe sokoni Lizaboni nikachagua. Mwekundu achana nao, una uchachu. Chukua ule wa kijivu, uliokaushwa kwa moshi, hauna punje, unayeyuka taratibu juu ya ulimi na harufu yake inapanda puani kama mvua ya kwanza. Usimeze vipande vikubwa.

Hospitali nitakwenda. Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, unaona mwenyewe herufi zinavyolewa. Nikizidiwa nitamwomba Kunegunda aniandikie, ana mwandiko mzuri, tatizo lake ni kwamba hawezi kuandika bila kuchangia.

Babu yako, na sasa babu wa mwanao,
Anselmo


Matogoro
20 Oktoba 2024

Mjukuu wetu Noela, Tumsifu Yesu Kristo.

Anayeandika ni mimi Bibi Kunegunda, Babu yako ameketi hapa kwenye kigoda anasema maneno nami nayashika. Anakusalimu, anauliza tumbo linaendeleaje. (Mimi pia nauliza. Kula likolo, yale majani ya maboga, linaongeza damu.) Tumepalilia miche ya kabichi. Mvua bado.

Anasema alikwenda hospitali kama ulivyomwamuru. (Alikwenda kwa sababu nilimshika mkono nikampeleka.) Alipokelewa na daktari binti, mrefu, si wa huku, anaitwa Pamela. Alimwambia anyooshe mikono mbele kama padri anayebariki. Wa kushoto ukakaa, wa kulia kiganja kikaanguka. Akamfunua fizi akatazama sana. Akasema, "Mzee, taifodi umeshatibiwa vya kutosha. Kuna vitu vinatoka kwenye mazingira yetu vinaingia mwilini kidogo kidogo, na sisi madaktari tusipovipima tunabaki kubahatisha. Nitachukua damu niipeleke maabara Dar es Salaam."

Tulingoja wiki tatu. Noela, mwanangu, jibu limekuja. Daktari alituweka chini akasema mbele yangu, kwa masikio yangu: "Mzee Anselmo, una risasi nyingi kwenye damu."

Nilipiga magoti palepale. Miaka yote hii! Mtu alikwenda Vita vya Kagera, akarudi na risasi mwilini, akanyamaza, akalima, akakulea, hakumwambia mtu! Nimewaeleza jumuiya, wamekuja wote na sukari na sabuni. Mwenyekiti wa mtaa amekuja. Anasema siku yetu ya mashujaa ya hapa Songea, mwezi wa pili, Babu yako lazima akae mbele na wazee waliopigania nchi.

Babu anasema niandike kwamba habari hizo zimekuzwa. (Ni unyenyekevu tu.)

Daktari amemuuliza mambo mengi: kama anapaka rangi, kama anafungua betri za magari, kama anapikia sufuria zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Yote hapana, ila sufuria moja ndiyo. Nimeitupa, nimemletea chungu changu mwenyewe. Na damu atapimwa tena.

Wako katika Kristo,
Bibi Kunegunda, kwa niaba ya shujaa


Mpanda
10 Novemba 2024

Babu shikamoo, Bibi Kunegunda shikamoo.

Hapa hatujambo. Leo amejenga kitanda cha mtoto, mguu mmoja umepinda, ameahidi kuunyoosha. Tumbo limeonekana, wanafunzi wanabishana kama ni wa kike au wa kiume badala ya kunisikiliza. Bibi Kunegunda, asante kwa kumshika babu mkono. Nakuombea kila siku, na huyo daktari Pamela namwombea ingawa simjui. Miezi mingapi mtu ametibiwa ugonjwa asio nao, mpaka akatokea mmoja aliyepima kitu ambacho wengine hawakukifikiria.

Naomba sasa nifundishe kidogo, mnisamehe. Bibi, risasi aliyoisema daktari si ya bunduki. Ni jina lilelile, lakini hapo ni madini, kama chuma au shaba. Ni mazito, laini, yana rangi ya majivu. Watu waliyatumia kutengenezea risasi za bunduki, ndiyo sababu ya jina hilo. Yanatoka ardhini, huchanganyika kwenye udongo, na yakiingia mwilini hayana faida hata moja. Yanaharibu damu, tumbo, mishipa ya mikono. Kwa watoto wadogo ni mabaya zaidi, yanagusa ubongo. Kwa hiyo, Babu, fikiri vizuri ni wapi unayapata. Daktari akikuuliza jambo mjibu lote. Kuna kitu unakitumia kila siku na hukitaji.

Udongo ulionitumia umekuwa dawa yangu! Kweli ulijua kuchagua. Nilikuwa nakula kipande asubuhi, sasa na mchana, na jioni Leo asiponiona. Huu hautanitosha mpaka nijifungue. Nitumie mwingine kama huo huo, kopo kubwa.

Wenu,
Noela


Matogoro
15 Novemba 2024

NOELA

NAANDIKA MWENYEWE. KONDA WA BASI ANANGOJA.

USILE UDONGO ULE. TUPA WOTE. NENDA WAKUPIME DAMU, WAAMBIE RISASI.

KUNEGUNDA ALINISOMEA BARUA YAKO KWA SAUTI. SIKUWEZA KUSEMA MBELE YAKE.

TUPA

BABU


Mpanda
24 Novemba 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako ilipokelewa na Leo stendi, akanikimbilia nayo darasani akidhani kuna msiba. Karatasi nzima maneno machache, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, nyingine zimetoboa karatasi. Sijawahi kuona mwandiko wako hivyo. Niliogopa herufi kuliko maneno.

Usiwe na wasiwasi. Nimetupa. Sikuwa nakula mwingi kama nilivyoandika, nilitia chumvi. Kliniki nakwenda kila mwezi na mtoto anacheza vizuri. Huku mvua zimeanza, bati linavuja upande wa jikoni, Leo ameweka beseni.

Lakini Babu, nimerudia barua yako ya mwezi wa tisa. Umeandika unayeyuka taratibu juu ya ulimi. Umeandika mwekundu una uchachu. Mtu hawezi kuyajua hayo kwa kutazama.

Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba nimesoma.

Noela wako


Matogoro
12 Januari 2025

Mjukuu wangu Noela,

Heri ya mwaka mpya, kwako, kwa Leo (nimemsamehe nusu), na kwa mdogo aliye njiani. Krismasi Kunegunda alinipikia wali na kuku mpaka nikalala mezani. Mahindi yamefika kifuani. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mistari mitatu kwa siku, hivyo usishangae wino kubadilika. Nimekataa kuandikiwa.

Umesoma sawasawa. Nakula udongo. Tangu bibi yako alipofariki.

Alipokuwa na mimba za wanetu mimi ndiye niliyekuwa nikimkaushia jikoni, nilijua harufu yake kabla sijajua ladha. Alipokufa nilikuta vipande kwenye kopo lake, nikaweka kimoja mdomoni ili nimkumbuke kidogo. Kidogo ikawa kila siku. Pale Lizaboni nilikuwa nasema namnunulia mkwe wangu mjamzito. Nimesema hivyo miaka minne. Yule mama muuzaji siku moja akaniuliza, "Mzee, huyo mkwe amebeba tembo?" Ulipopata mimba wewe nilifurahi mara mbili, moja ya kitukuu, nyingine kwamba sasa nina sababu ya kweli ya kwenda sokoni.

Daktari Pamela alipouliza rangi, betri, sufuria, nilikuwa nangoja aulize habari za udongo. Hakuuliza. Huuliza wajawazito. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na nane mwenye ndevu, nani angeniuliza? Nikashukuru moyoni. Ona shukrani yenyewe.

Na risasi ya Kunegunda! Nilitaka kumkatalia siku ileile. Vitani mimi nilikuwa jikoni, Noela. Nilipika maharage kutoka Kagera mpaka tuliporudishwa, na kitu pekee kilichonijeruhi ni mvuke. Lakini watu walipoanza kuja na sukari nikaona shujaa ni bora kuliko mzee anayekula udongo. Daktari akanipiga eksirei mwili mzima kwa sababu yangu mwenyewe, maana nilipoulizwa kama niliwahi kupigwa risasi nilinyamaza. Picha haikuonyesha kitu. Kunegunda akawaambia jumuiya, "Imeyeyuka, ndiyo maana iko kwenye damu." Hilo nalo likakubalika.

Kipimo cha pili kikaja, chungu chake kimetumika karibu mwezi mzima, sufuria imetupwa, na risasi haijashuka hata kidogo. Daktari alikaa ameshika karatasi, akaniambia, "Mzee, mimi nikikosea kutafuta, wewe utapoteza mkono." Bado nikanyamaza.

Ndipo ikaja barua yako. Kunegunda anasoma kwa sauti yake ile ya somo la kwanza misani: yanatoka ardhini, huchanganyika kwenye udongo. Akaendelea: kwa watoto wadogo yanagusa ubongo. Akaendelea: nitumie mwingine, kopo kubwa. Akacheka, akasema, "Huyu mjukuu wako anaula kweli!" Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo. Yangekuwa yangu peke yangu, Noela, naona ningekufa nayo. Hilo ndilo linanitisha nikilifikiri.

Nilipompa konda ile karatasi, kesho yake nilikwenda hospitali na kipande mfukoni. Nikakiweka mezani kwa daktari. Akauliza, "Cha nani?" Nikasema, "Changu." Hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akasema hamu ile mara nyingi ni mwili unaolilia madini ya chuma, si uchizi wala si ya kike, na kwamba amejifunza kitu leo. Alinishukuru. Mimi! Akakipeleka nacho maabara. Risasi imo. Udongo wenyewe huletwa kwa magunia, hakuna ajuaye unachimbwa wapi. Daktari amewaarifu maofisa wa afya, na yule mama ameacha kuuuza, ananiuzia karanga sasa.

Nimelazwa mara mbili, nimepewa dawa inayoikamata ile risasi na kuitoa kwa mkojo. Kipimo cha tatu kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Tumbo limetulia. Kikombe nakishika kwa mikono miwili. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru binti yule, ninakushukuru wewe na sayansi yako.

Bado jambo moja. Mwezi wa kumi na mbili jumuiya ilikaa kwangu, ajenda ikiwa ni mavazi yangu ya siku ya mashujaa. Kunegunda alikuwa ameshapima suti. Nikasimama. Nikawaambia. Nilipomaliza kulikuwa kimya mpaka nikadhani masikio yamekufa kabisa, kisha wakaangua kicheko, wanaume ndio zaidi. Kunegunda akasema, "Kumbe nimehamisha chungu changu bure!" Akaninunia siku nne. Lakini kabla hawajaondoka, akina mama wawili wakanijia mmoja mmoja pale mlangoni, wakanong'ona hata nikashindwa kusikia, ikabidi waseme kwa sauti: na wao wanaula, na mmoja ananyonyesha. Kunegunda ndiye aliyewapeleka kwa daktari, huku amenuna.

Sasa wewe. Barua yako ilisema umetupa, kliniki unakwenda, mtoto anacheza, bati linavuja. Haikusema umepimwa damu. Mimi ni mtaalamu wa kuruka maswali, nikiona mwingine anaruka namjua.

Babu yako mla udongo mstaafu,
Anselmo


Mpanda
9 Machi 2025

Babu yangu kipenzi, shikamoo.

Mtoto amezaliwa tarehe kumi na tisa Februari. Wa kike, ana kilo tatu kasoro kidogo, ana sauti ya kuita ng'ombe. Anaitwa Evaline, jina la mama yake Leo, usinune, kwao ndiyo desturi. Mama mkwe amekuja kunihudumia, ananipikia uji wa mtama kutwa. Leo anaogopa kumshika, anasema atamvunja. Ametuma picha zimo humu ndani ya bahasha.

Sasa nikwambie.

Sikutupa wote. Nilitupa nusu mbele ya Leo ili aone. Nusu niliificha shuleni ndani ya kasha la chaki, nikawa nakula pale ubaoni nikiwapa mgongo wanafunzi. Darasa la sita wanaamini mwalimu wao anakula chaki. Nilijua kila kitu, Babu. Mimi ndiye niliyekuandikia kuhusu ubongo wa watoto. Nilikuwa nafundisha kwa mdomo huohuo. Nilijiambia kipande kimoja tu, kesho naacha, na kesho nikajiambia hivyohivyo, na usiku nikilala nalia nikikumbuka ile ya kwanza iliyoharibika.

Kliniki, nesi Jane aliniuliza, "Unakula udongo?" Nilimtazama usoni nikasema, "Hapana, mimi ni mwalimu wa Sayansi." Akaandika hapana. Hayo yalikuwa mwezi wa kumi na mbili.

Barua yako ya Januari ilinifikia shuleni wakati wa mapumziko. Nilisoma mpaka pale uliposimama mbele ya jumuiya, na suti imeshapimwa, wanaume wanacheka. Nikafunga barua. Nilikuwa na kipande mdomoni, nikakitema dirishani. Nikaomba ruhusa, nikaenda kliniki kwa miguu na barua yako mkononi, nikakuta foleni, nikaipita. Nikamwambia nesi Jane, "Futa hapana." Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia, "Babu yangu ana miaka sitini na nane, amesema mbele ya watu wote kwamba anakula udongo. Mimi nimeshindwa kukwambia wewe peke yako." Nikalia, na yeye akanishika bega. Aliniambia kwamba wajawazito wengi hujibu hapana namna ileile, kwa haraka, na yeye huwa anajua ila hana la kufanya.

Walichukua damu ikaenda hospitali ya kanda. Ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, si kama yako. Wakanipa vidonge vya chuma na vya kalsiamu, wakaniambia nile maziwa, dagaa, mboga, na nisiuguse tena. Leo alilichukua lile kasha akalitupa chooni, chaki na vyote, mwalimu mkuu akatudai chaki. Hamu ilikwisha baada ya wiki chache, kama mtu aliyekuwa akiniita ametoka mlangoni.

Evaline alipozaliwa wakampima na yeye. Nilingoja jibu siku kumi na saba nikiwa siwezi kumtazama vizuri, naogopa kumzoea. Limekuja jana. Ipo, kidogo sana. Daktari anasema ni chini ya kiwango cha kuogopesha, anyonye, akue, apimwe tena akifikisha miezi sita.

Jana ndiyo nimemtazama mwanangu kwa mara ya kwanza. Ana masikio yako.

Asante Babu. Sijui asante ya jambo hili inasemwaje.

Noela, na Evaline


Matogoro
30 Machi 2025

Kopo lile nililifunga mimi kwa mkono wangu, Noela, kwa hiyo kwenye hii asante nitachukua robo tu, nyingine mpe daktari Pamela na nesi Jane. Hiyo robo nimelala nayo siku tatu, nikiamka naisoma tena. Nilisema aibu yangu nikidhani nimepoteza heshima Matogoro nzima. Kumbe ilikuwa imepanda basi, imekwenda kukutafuta huko.

Nilimpelekea daktari barua yako akaisoma. Alipomaliza akafuta miwani. Sasa amewaagiza wenzake: kila mwenye tumbo lisiloeleweka na damu pungufu, mwanamke kwa mwanaume, kijana kwa mzee, aulizwe, na apimwe pale inapowezekana. Jumanne nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu yangu. Ndani alikuwa mmoja wa wale wanaume waliocheka sana siku ile, jina lake nitalificha maana tunapokea komunyo pamoja. Mlango uko wazi. Daktari akamuuliza. Akamuuliza tena, kwa upole. Nikasikia, hata mimi na masikio yangu haya: "Kidogo tu, Daktari. Baada ya chakula."

Miezi sita ya Evaline ikifika, atapimwa tena. Siku jibu litakapotoka, liwe zuri au baya, usiniambie kwanza habari za bati wala mama mkwe wala mvua. Wewe na mimi tumeficha mambo mengi mno nyuma ya salamu. Anza na jibu. Nami leo nimeanza hivyo, umeona.

Picha nimezitazama. Masikio ni yangu kweli, masikini mtoto. Nakuja baada ya mavuno, nauli ninayo, Kunegunda amesema hawezi kuniruhusu kusafiri peke yangu na ameshaanza kufunga mizigo yake. Mkono umerudi. Nitamshika mwenyewe, Leo akiogopa aniachie.

Mahindi ni mazuri. Baridi imeanza. Wote huku hatujambo.

Na ile shikamoo yako, mchumba wangu: marahaba.

Babu Anselmo